Jina la Kwanza Katika Orodha

Treni ilipoondoka Dandora, Mwalimu Kavinya aliwasikia abiria wawili wakibishana juu ya ghala la gesi lililolipuka mtaani kwake Mowlem. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika wa mtu ambaye hakuwapo.

"Kampuni ni ya shemeji ya waziri, mama. Nani angeinyima leseni?" alisema mzee mwenye ovaroli.

"Wacha waziri! Wakazi wenyewe walitia sahihi," alijibu mwuza mboga. "Orodha ya waliokubali iko kortini."

"Hiyo ni orodha ya mahudhurio! Waliitwa mkutanoni, wakapewa soda, wakajiandikisha."

"Basi wangesoma kichwa cha karatasi. Hawana macho?"

Karatasi ile haikuwa na kichwa. Jina la kwanza lilikuwa la Kavinya, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na majirani aliowafundisha kusoma walijipanga nyuma yake bila kuuliza.

"Na huyo wa kwanza, mbona hajitokezi aseme ukweli?"

"Atajitokezaje, mzee wangu? Huyo alilipwa."

Treni ilisimama Makadara.

"Hata soda sikunywa," alisema Kavinya hatimaye, lakini wale wawili walikuwa wamekwisha kushuka, wangali wakibishana.