Mzee Byabato, Aliyezuia Salamu

Ndugu Deogratias Byabato, mtoaji wa dawa ya usingizi katika hospitali yetu hapa Muleba, anastaafu tarehe 30 Juni 1992 baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Wasifu huu umeandikwa na binti wa muuguzi Immakulata, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ameombwa yeye kwa sababu wengi waliomfahamu vizuri Mzee Byabato wako zamu, na wengine wamekwisha kufariki.

Alizaliwa Kashozi, akasoma shule ya misheni, akaanza hapa kama mhudumu wa wodi kabla ya kupelekwa kozi. Watu hudhani kazi yake ni kulaza. Yeye husema kulaza ni rahisi, kazi ni kumrudisha mtu. Anayepasuliwa tumbo hupewa pia dawa ya kulegeza misuli, na misuli ya kupumulia hulegea pamoja na mingine. Upasuaji ukiisha, lazima apewe dawa nyingine ya kuirudishia nguvu.

Kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa neostigmini, ikiambatana na atropini ya kulinda moyo. Inafanya kazi polepole, na madaktari walizoea kunung'unika wakiisubiri, lakini nguvu ikirudi hukaa. Vita vya Kagera vilipokuja na majeruhi wakajaa hadi barazani, neostigmini iliisha. Likaletwa boksi la msaada lenye edrofoniamu, ambayo huamsha misuli karibu papo hapo. Kila mtu aliifurahia. Ubaya wake ni kwamba ikitolewa kidogo huisha mapema, pengine kabla ile dawa ya kulegeza haijatoka mwilini.

Ndivyo tulivyompoteza Kokubanza, mkulima aliyekimbia mapigano ng'ambo ya Mto Kagera. Alizinduka vizuri baada ya upasuaji. Ndugu zake wakaingia kumsalimia, na kwetu salamu si neno moja. Mtu huulizwa habari za usiku, za watoto, za shamba, na kila moja huiitikia. Kokubanza aliitikia zote. Mzee Byabato alimsikia, akaridhika, akarudi ndani kwa majeruhi mwingine. Hakuna aliyetambua kwamba kila itikio lilikuwa dogo kuliko lililotangulia. Alikuwa mtu wa heshima, akaitikia mpaka pumzi ikamwishia. Ndugu zake walidhani amelala.

Tangu hapo Mzee Byabato aliweka kanuni. Mgonjwa hasalimiwi na mtu yeyote mpaka ainue kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia, kisha arudie tena baadaye. Yeye mwenyewe alikaa kitini kando ya kitanda. Hata neostigmini iliporudi, hakuacha kukaa. Mama mmoja alimuuliza mlangoni, "Wewe ulilelewa na nani, unayekataza watu kusalimiana?" Akamjibu, "Nililelewa Kashozi, mama. Kaa hapo kwenye benchi." Mvuvi mmoja wa Goziba, aliyepasuliwa ngiri, aliinua kichwa kwa nguvu zote akauliza, "Niinue na miguu, au kichwa kinatosha?" Hiyo ni mojawapo ya mara chache wauguzi walipomwona Mzee akicheka kazini.

Halafu ukaja Ukimwi, ambao mwanzoni watu waliuita Juliana. Wagonjwa walifika wamekonda hata kichwa chao wenyewe kikawa mzigo. Kwa hao alipunguza dawa ya kulegeza, akakaa muda mrefu zaidi, akiwashika mkono kuona kama wanaweza kukaza vidole. Wakati huo walikuwapo ndugu walioogopa kuwagusa. Alifundisha watu watatu kazi yake. Rugambwa tulimzika, na Karugendo tukamzika mwaka uliofuata. Amebaki Immakulata. Mzee aliahirisha kuondoka mara mbili, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba kanuni yake ingedumu bila yeye.

Mwezi huu dada yake mkubwa, Alistidia, alifanyiwa upasuaji hapa. Mzee Byabato alimwachia Immakulata kazi yote, akaja kama ndugu mwingine yeyote, na kikapu cha ndizi mkononi. Alipomwona dada yake amefumbua macho, alianza kumsalimia, kama inavyompasa mdogo.

Immakulata hakuinuka kitini. Alinyoosha mkono na kusema, "Bado, mzee. Kaa kwenye benchi."

Mzee Byabato alitoka, akakaa na akina mama waliokuwa wakisubiri. Walipomuuliza hali ya mgonjwa, alisema hajui, anangoja kama wao. Baada ya muda Immakulata alifungua mlango. Alistidia alikuwa ameinua kichwa, kisha akarudia.

Jioni hiyo Mzee aliandika barua ya kustaafu.

Asante, Mzee, kwa kukaa kando ya watu wetu. Nenda Kashozi ukasalimiwe na kila apitaye, na Mungu akupe miaka mingi ya kuitikia bila haraka.