Majina Kumi na Manne ya Mwalimu Shigela

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi Hellen, binti yake wa kwanza, niwasomee habari za maisha ya baba yetu, Mwalimu Alexander Shigela, ambaye leo tunamlaza hapa shambani kwake Usagara, nami naomba mnivumilie sauti itakapokwama.

Baba alizaliwa tarehe 9 Mei 1961 wilayani Sengerema, mtoto wa nne wa wakulima wa pamba, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha sekondari ya ufundi, ambako alipenda kuchora mashine kuliko kula, na mwaka 1982 akahitimu chuo cha ualimu.

Mwaka 1983 aliajiriwa kufundisha michoro ya ufundi na useremala katika sekondari moja hapa Mwanza, na kwa miaka thelathini alifundisha somo ambalo wanafunzi wengi walilikimbia, maana waliamini ufundi ni wa waliofeli fizikia, karakana yake wakaiita gereji, hata wazazi walimfuata ofisini kumwambia hawakuuza ng'ombe ili mtoto akashike randa. Baba hakubishana nao, aliwakaribisha viti, wakishakaa vizuri ndipo anawaambia vimetengenezwa na watoto wao. Alikuwa mkaidi, ila mkaidi mpole.

Tarehe 17 Agosti 1991 alifunga ndoa na mama yetu, Modesta, kanisani Sengerema, wakahamia Mabatini, Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1997 na mdogo wangu Precious mwaka 2001.

Hapa nasema jambo ambalo halimo kwenye karatasi niliyopewa na familia. Novemba 2012 nilikuwa kidato cha pili shuleni kwake, mkuu wa shule akatangaza kwamba somo la ufundi litafutwa lisipopata wanafunzi kumi na watano wa kidato cha tatu, orodha ikabandikwa ukutani wiki nzima, ikafika majina kumi na manne, ikasimama hapo. Mimi niliandika jina langu kwenye orodha ya biashara. Januari 2013 karakana ikageuzwa stoo, baba akapangiwa hisabati hadi alipostaafu Mei 2021, na siku orodha ilipofungwa alirudi nyumbani akaniuliza tu kama nimekula.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, 2025, alipata kiharusi, kikamnyang'anya mkono wa kulia na sauti, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, hadi Jumapili tarehe 21 Septemba, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa na miaka sitini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mabatini mliotupikia na kulala nasi msibani, walimu wenzake, na wanafunzi wake wote, hasa ninyi kumi na wanne mlioandika majina, ambao hadi leo sijawahi kuwaomba radhi.

Baba, miaka yote hii nilingoja uniulize kwa nini, hukuuliza, na ulipopoteza sauti nikajua hutaniuliza tena, basi nakujibu mbele ya watu: nilipenda kuchora, baba, nilipenda sana, ila niliona haya kuitwa mtoto wa gereji.

Pumzika kwa amani, Mwalimu.