Mama Uwanja, Aliyetunza Kiwanja cha Ndege cha Nyasi

Mama tunayemsindikiza leo, wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu: Mama Uwanja. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mkewe.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962. Alikuwa hodari wa hesabu na angeendelea, lakini mama yake aliugua, akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Hakulalamika, ila vitabu vya shule vya wanawe alivisoma vyote kabla yao.

Juni 1970 aliajiriwa kufyeka nyasi kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji, na baada ya miaka mitatu akawa msimamizi wake. Kiwanja chenyewe kilikuwa mita mia nane za nyasi, kibanda cha bati chenye redio ya mawasiliano, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, ambao aliushona mwenyewe kila ulipochanika. Ndege zilileta barua, dawa za zahanati, na daktari kila Alhamisi. Kila asubuhi Mama alikitembea kiwanja kizima, akifukuza mbuzi na kukandamiza udongo kwa kisigino ili kupima ugumu wake. Siku moja rubani alitua kwa kishindo. Mama akamfuata, mikono kiunoni. “Kaka, hizo ni nyasi, si adui zako. Rudi juu ushuke vizuri!” Rubani alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na fundi redio aliyekuwa ameitwa kutengeneza redio ya kibandani. Kazi ya saa moja ilimchukua siku nne, na kila mtu alijua sababu. Walijaliwa watoto watatu.

Tarehe 22 Aprili 1986 Baba alishikwa na tumbo ghafla. Zahanati ikaita ndege impeleke hospitali kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mama alikitembea kiwanja, kisigino kikazama mpaka kifundoni. Akatoa vitambaa viwili vyeupe, akavitandaza katikati vikakatizana: alama ya kumkataza rubani kutua. Binti yake mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, akaving’ang’ania kuviondoa.

“Mama, baba anakufa!”

“Najua, mwanangu. Viache.”

Ndege ilizunguka mara mbili, ikaondoka. Baba alifariki njiani, ndani ya lori, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama.

Binti huyo ndiye anayewasomea maneno haya. Kwa miaka saba hakumwita tena “Mama”.

Barabara ya lami ilipofika, kiwanja kilifungwa, tarehe 30 Septemba 1993. Rubani yuleyule wa kishindo alikuja kuaga, akamvuta binti pembeni. “Siku ile nilikuja mimi. Nilikuwa na daktari na nesi, na nilitaka kutua kwa vyovyote. Tungepinduka. Sisi watatu tuko hai kwa sababu yake.” Binti alirudi nyumbani, akamkuta anaosha vyombo, akamwita. Mama hakugeuka. Aliendelea kuosha sahani ileile moja kwa muda mrefu.

Aliendelea pia kufyeka kiwanja mpaka magoti yalipogoma. Akiambiwa ndege haziji tena, alijibu, “Najua. Lakini nyasi hazijaambiwa.”

Novemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Akiwa wodini, binti alimuuliza kama aliwahi kujuta.

“Kila siku,” alisema. “Na ningevitandaza tena.”

Alifariki Jumatatu, tarehe 5 Februari 2024, saa tano asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja wa kiume. Mama, tusamehe pale tulipokukosea. Pumzika salama.