Fundi Godoro Alipata Sita

Ndugu, majirani na marafiki mliokaa juani tangu asubuhi kwa ajili yetu, na ninyi mliosimama kule nyuma ili wazee wapate viti, familia imewaona na inawashukuru, na sasa inawaomba mtulie kidogo msikilize maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Godoro. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike, kwa sababu marehemu mwenyewe alimwomba ayaandike, na alimwomba kwa sharti moja ambalo mtalisikia mbele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1988, alfajiri, katika zahanati iliyo mkabala na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, na mama yake, ambaye alikuwa mfagiaji wa zahanati hiyohiyo, alifagia wodi mpaka uchungu ulipomzidi ndipo akaliegemeza fagio ukutani, akapanda kitandani.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1996 na kumaliza la saba mwaka 2002, katika shule ya msingi yenye madarasa tisa na bomba moja la maji. Alipokuwa darasa la tano, mwalimu wa hesabu alikosea kujumlisha akampa tisini mahali pa themanini na moja, naye akainuka, akairudisha karatasi mbele ya darasa zima, na rafiki yake aliyekaa naye dawati moja akamwambia kwa sauti, "Wewe mjinga kweli, alama zimekuja zenyewe unazifukuza!" Darasa likacheka, mwalimu akacheka, na marehemu akarudi kukaa na themanini na moja yake, akiwa ameridhika kabisa. Rafiki huyo wa dawati moja ndiye baadaye tuliyemwita Kocha, na leo yuko hapa kati yetu.

Januari 2003 alianza kazi kwa mjomba wake, fundi wa magodoro, akikata sponji, akishona mifuko kwa cherehani na kuvuta uzi kwa ile sindano ndefu inayopita godoro upande hadi upande, na mjomba alipozeeka mwaka 2011 akamwachia karakana. Wateja walimpenda kwa jambo moja, kwamba aliweka goti juu ya godoro, akalibonyeza, akasema, "Hili litakupa miaka mitatu, mama, usitegemee zaidi," na walijua kwamba mwaka wa nne ukifika godoro litalala chali kama alivyosema.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na mke wake, mpishi wa shule ya chekechea, nao wakajaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 2015 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 3 Januari 2018. Alikuwa baba anayewasha jiko kabla mke wake hajaamka, akirudi kitandani kimya ili aonekane hakufanya kitu.

Tarehe 2 Juni 2018 Kocha alifungua klabu ya mapigano katika ghala lililokuwa la nafaka, mchezo ule unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kukabana chini, ambao vijana wanauita MMA, na marehemu, akiwa na miaka thelathini na kitambi kidogo, akajiandikisha kama mchezaji wa ridhaa. Sakafu ilikuwa saruji tupu, hivyo kwa miezi miwili, baada ya kazi zake, alishona mikeka thelathini na sita ya turubai iliyojazwa mabaki ya sponji, akaipanga mwenyewe ukuta hadi ukuta, na ni hapo vijana walipombandika jina la Godoro, naye akalipenda.

Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wachezaji walipambana wao kwa wao, kisha kila mmoja akawaandikia wenzake alama kati ya kumi, katika mambo manne, kupigana kwa kusimama, kuangusha, kukabana chini na pumzi, na Kocha akazijumlisha katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Marehemu alinakili alama zake katika kidaftari alichokitunza ndani ya mfuko wa cherehani, akianza na nne, ikaja tano, ikaja sita na nusu, na kufikia Julai 2019 alikuwa na nane katika kila jambo. Alimwamsha mke wake amwonyeshe hiyo nane, kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Mwezi wa tano mwaka huohuo mdogo wake alikwenda ghalani na mtoto mchanga mgongoni kumpelekea kaka chai, akakaa kwenye benchi, akaona jambo. Aliona Kocha akimkonyeza kijana aliyekuwa chini ya marehemu, na yule kijana akapiga mkeka kuomba aachiwe, wakati mkono wake ulikuwa haujavutwa hata kidogo. Alipomuuliza Kocha pembeni, Kocha alimwambia, "Dada, mwache afurahi, mtu katushonea sakafu nzima, halafu sisi tumkabe koo?" Yule dada aliguswa moyo, akadhani ameona wema wa watu, akarudi kwenye benchi na kupiga makofi na wengine. Hilo ameliandika hapa ili lisomwe mbele yenu, na hajiondoi lawamani.

Tarehe 24 Agosti 2019, katika ukumbi wa jamii ulio nyuma ya stendi, marehemu alipanda ulingoni kwa pambano lake la kwanza la kweli, dhidi ya fundi wa kuchomelea vyuma wa klabu nyingine, na pambano lilichukua sekunde hamsini na mbili. Mchomeleaji alimwangusha, akaushika mkono wa kushoto akauvuta, na marehemu, ambaye kwa miezi kumi na minne hakuwahi kuvutwa mkono na mtu aliyemaanisha, hakujua wakati wa kuomba kuachiwa ni upi, akachelewa, kiwiko kikateguka. Mtu mmoja katika viti vya mbele alipaza sauti, "Godoro, lala!" na ukumbi ukavunjika mbavu.

Kesho yake mchomeleaji alikwenda kumwona zahanati, akamshikia mkoba kwenye foleni, akamnunulia maji, na walipokaa akamuuliza kwa upole, "Kaka, kwenu hawakuvuti mkono? Nani alikwambia uko tayari?" Marehemu alianza kucheka, akataja zile nane zake, kisha cheko likamkauka mdomoni, na mke wake aliyekuwa pembeni anasema alimwona akizihesabu Jumamosi zote moja baada ya nyingine, uso ukibadilika.

Alikwenda ghalani moja kwa moja, mkono umefungwa shingoni, akaomba daftari kubwa, akalifungua juu ya mikeka yake mwenyewe, akamuuliza kila mmoja alama aliyoandika na alama aliyoiona. Kocha akasema, "Tulikupenda, ndugu yangu," naye akajibu, "Mngenipenda mngeniachia nne yangu." Alifunga daftari, akatoka. Kwa miezi minne hakuweza kusukuma sindano ndefu, na wengi walidhani atakwenda kuchukua mikeka yake, lakini hakuichukua, na Januari 2020 aliposikia mitatu imepasuka alikwenda akaishona, akamaliza, akavaa viatu bila kumsemesha mtu.

Jioni ya siku ile ya ghalani mdogo wake alimwambia alichokiona mwezi wa tano. Marehemu hakumfokea. Alimtazama tu, akasema, "Hata wewe ulipiga makofi," na kwa karibu miezi sita hakukanyaga nyumbani kwake, ingawa ndani ya miezi hiyo, mkono ulipopata nguvu, mke wake alifika na kigodoro cha mtoto, kimeshonwa pembe zote nne kwa uzi wa mara mbili, bila salamu, bila neno, na mtoto yule angali anakilalia.

Februari 2020 alianza mazoezi kwenye klabu ya mchomeleaji, ambako hakuna daftari, lakini aliomba aambiwe, na mchomeleaji akampa, kusimama tatu, kuangusha tano, kukabana mbili, pumzi nne. Siku hiyo alipita kwa mdogo wake kwa mara ya kwanza, akaingia bila kubisha, akasema, "Nimepata mbili!" akaomba chai, na ndivyo walivyopatana. Miaka iliyofuata alipanda ulingoni mara tatu, akapigwa mara mbili, akashinda mara moja kwa pointi, tarehe 15 Julai 2023, na mchomeleaji akampa wastani wa sita, akimweleza kwamba miguu yake ni mizito na haitapona uzito huo, ila akimshika mtu kiuno hamwachii. Sita hiyo aliiandika kwenye ukurasa mpya wa kidaftari kilekile, akazikata zile nane zote kwa mstari mmoja.

Tarehe 5 Machi 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara tano katika hospitali ya wilaya, na watu waliokuja kumwona walipomwambia amenenepa, anaonekana vizuri, aliwageuzia uso. Mwezi wa kumi alimuuliza daktari hali yake ni ngapi kati ya kumi, na daktari akavuta kiti, akakaa, akasema, "Mbili, kaka." Akamshukuru, akaomba watoto waletwe.

Kocha naye alikuja, tarehe 9 Novemba, na marehemu akakubali aingie, akamwomba kitu kimoja tu, ampe alama yake ya kweli ya ile Agosti 2019. Kocha alilia, akamshika mkono, akasema, "Nane, ndugu yangu." Marehemu aliuondoa mkono wake taratibu, akageukia ukutani. Kocha alipotoka, alimwita mdogo wake, akamwambia sharti lake, "Siku ya kusoma historia yangu, usiniongezee."

Alifariki tarehe 17 Novemba 2024, saa nane mchana, mke wake akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Familia inamshukuru daktari aliyevuta kiti, na muuguzi aliyekuwa akipasha moto viganja vyake kabla ya kumgusa, na majirani waliowalisha watoto bila kuombwa, na mafundi wenzake waliofunga karakana leo, na inamshukuru kuliko wote mchomeleaji, aliyemtegua kiwiko akamwambia ukweli. Wachezaji wa ghalani, familia inawashukuru kwa kuja, mikeka ni yenu. Kile kitambaa mlichokileta asubuhi, kilichoandikwa "Bingwa Wetu", familia imekikunja vizuri na kukiweka ndani, nanyi mtakichukua mkitoka, kwa sababu hakitakwenda naye.

Kusimama tano, kuangusha saba, kukabana sita, pumzi sita. Wastani sita.

Pumzika kwa amani, kaka, hatujaongeza hata moja.