Kabula Masele Avuka Mlango wa Nestori

Ndugu waombolezaji, poleni, na asanteni kwa kuja, maana hadi jana asubuhi sisi wa familia hatukujua kama mtakuja.

Marehemu Kabula Masele alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa Mwamkulu, binti pekee wa Mzee Masele, kamanda wetu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, na marehemu Mama Theopista, akasoma shule ya msingi hapahapa na sekondari Mpanda mjini, akapata shahada ya kwanza Dar es Salaam mwaka 2014, na kuanzia Februari 2016 akawa ofisa ustawi wa jamii. Tarehe 6 Oktoba 2018 alifunga ndoa na Deo, wakajaliwa Upendo na Heri.

Mwaka 2023 alianza shahada ya uzamili ya kriminolojia, elimu ya uhalifu na adhabu zake, na jamani, katika mada zote za dunia akachagua adhabu ya kutengwa, hii yetu wenyewe, ambayo Nestori na mkewe waliibeba tangu 2019 kwa ng'ombe ambao hakuna aliyemwona akiwaiba; tangu hapo wao hawasalimiwi, hawaombwi chumvi, na mtoto wao alipofariki walimzika wawili tu. Kabula alipotaka kuwahoji, baba yake alimwambia mbele yetu: “Ukivuka mlango wa Nestori, hata mimi sitakuzika.” Alivuka tarehe 9 Agosti 2024, na Jumapili iliyofuata naye akatengwa, Mzee mwenyewe akiongoza kikao.

Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa Mpanda, kisha Mbeya, na kule kitandani, tasnifu ikiwa imebaki kutetewa tu, hakuuliza habari za chuo, aliuliza ni akina nani watakaobeba jeneza lake, swali ambalo tulilikwepa kwa kumwambia atapona. Alifariki tarehe 2 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wafanyakazi wenzake na walimu wake. Ya majirani niyaseme polepole. Jana wachimba kaburi hawakutokea, jua likapanda, Deo akiwa peke yake na jembe, mpaka akafika Nestori na sururu begani, akaingia shimoni, akaanza kuchimba. Mzee Masele alimtazama hadi tukaogopa, kisha akavua koti, akamsalimia kwa jina, akashuka naye, ndipo nanyi mkaja, mmoja mmoja. Asanteni.

Mzee ameniagiza niseme kwamba kesho matanga yanahamia kwa Nestori, kwa ajili ya mtoto wake, nasi tumechelewa mno, kwa hiyo mje nyie wote.

Kabula mwanetu, watu wamejaa. Pumzika kwa amani.