Mhandisi Mihayo Jilala, Feni ya Ofisi na Mota ya Karasha

Kamati Ndogo ya Muda ya Kuchunguza Matumizi ya Feni ya Ofisi kwa Shughuli Isiyo ya Kibinadamu ndiyo iliyoandika habari za ndugu yetu mara ya mwisho akiwa mtumishi, lakini sisi wa ukoo, katika wasifu huu wa marehemu, tunaanzia mbali zaidi.

Mhandisi Mihayo Jilala alizaliwa Samuye tarehe 9 Juni 1972, akasoma shule ya msingi hapo hapo huku akichunga ng'ombe wa babu yake, akaendelea na sekondari mjini Shinyanga, kisha uhandisi wa umeme Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 1998. Tarehe 4 Septemba 1999 alifunga ndoa na Violeth, hapa Kambarage, wakajaliwa Esta na Gregory.

Mwaka 2011 aliajiriwa na kampuni moja ya Kalangalala, Geita, inayounda mota za makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, kazi yake ikiwa kuichora mota kwenye kompyuta na kuizungusha humo humo kabla haijaundwa, ajue ni umeme kiasi gani utapotea kwa kugeuka joto, kwenye nyaya, kwenye chuma na kwenye beringi. Kompyuta yenyewe ilipata moto kama pasi ya mkaa, akaielekezea feni, na feni ile, kwa kuwa ilinunuliwa kwa fungu la ustawi wa watumishi, ikaundiwa kamati, yenye mwenyekiti, katibu na chai.

Mei 2023 alionya kwamba mota mpya ikibeba mzigo itaunguza nyaya zake. Meneja Eustace akamcheka mbele ya mafundi, "Baba Esta, hiyo ni sinema, sisi tunaunda mota," akaizungusha mbele ya mgeni rasmi bila jiwe hata moja ndani ya karasha, ikaimba vizuri, na wakubwa, watu wa kupima nguvu za maksai akiwa amelala anacheua, wakapiga makofi wakaipitisha. "Mmeizungusha tupu, sasa mmepima nini?" akauliza Mihayo, wakamwambia akae. Ilipopewa mawe ilitoa moshi kabla ya chakula cha mchana, lawama akatwikwa yeye, na kamati, bila kufungua hesabu zake, ikamtia hatiani kwa feni.

Mwaka 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hadi Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alipoaga dunia, akiwa ametuomba jambo moja tu, wanawe wasije wakasikia kaburini kwake kwamba baba yao ndiye aliyeiharibu mota.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi nje, na mafundi wenzake waliokuja bila kutumwa. Uongozi wa kampuni tunaushukuru kwa shada, na kwa salamu za rambirambi zinazosema alistaafu kwa hiari.

Lala kwa amani, Mihayo, umeepukana na vikao vyao.

Marehemu hakustaafu. Alisema mota itaungua, ikaungua, wakamfukuza.