Verna Lindquist Anaiacha Meza ya Taa

Tarehe 31 Oktoba 1998 Verna Lindquist anastaafu rasmi katika Ukumbi wa Calloway, San Francisco, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja, karibu yote nyuma ya pazia jeupe la jukwaa, penye meza ya taa. Mimi, Carmela Ybarra wa chumba cha makoti, nimeombwa niandike haya kwa sababu, wanasema, hakuna mtu hapa mwenye maswali mengi kuliko mimi. Sikatai. Nimemsumbua mwanamke huyu kwa maswali tangu siku yangu ya kwanza kazini, na hajawahi kunifukuza.

Kwa faida ya jamaa zake waliotoka Fresno, ambao nasikia mpaka leo wanadhani alikuwa fundi umeme, kazi yenyewe ni hii. Unachukua vioo viwili vya saa kubwa za ukutani, vile vilivyobonyea kama sahani. Kimoja unakiweka juu ya projekta, ile ya walimu yenye taa chini. Unatia maji ya rangi, unatia mafuta ya watoto yenye rangi nyingine, kisha unafunika kwa kioo cha pili. Mafuta na maji hayapatani, kwa hiyo kila rangi inajikusanya peke yake. Sasa bonyeza kioo cha juu kwa kidole, ukifuata ngoma. Upande wa pili wa pazia, nyuma ya migongo ya wanamuziki, madoa mekundu na ya buluu yenye ukubwa wa gari yanavimba, yanapumua, yanamezana. Hakuna filamu wala kompyuta. Ukiondoa kidole yamekwisha, na yale yale hutayaona tena maishani.

Verna alikuja mwaka 1967 kuuza tiketi. Wakati huo meza ilikuwa na watu watano, wote nywele ndefu, wote wakigombania nani ashike rangi nyekundu. Mmoja wao alipounguza vidole kwenye taa, Verna aliombwa amshikie kioo kwa wimbo mmoja tu. Dirisha la tiketi halikumwona tena. Wale watano waliondoka mmoja mmoja, huyu akawa wakili, yule akaenda kufuga nyuki Mendocino, na Verna akabaki na meza yote.

Watu walipochoka na maonyesho hayo ya rangi, ukumbi uliishi kwa harusi, bingo na ndondi, na Verna alirusha rangi kwenye vyote. Chama kimoja cha madaktari wa meno hakijasahau dhifa yake hapa. Verna alichagua nyekundu na waridi ili kuleta uchangamfu, kumbe kwenye pazia zikaonekana fizi tupu, zinavimba na kunywea. Wageni wakaacha nyama kwenye sahani. Alipoitwa ajieleze alishangaa sana.

“Kwani si ndiyo kazi yao?” aliuliza.

Udadisi wake hauna breki. Amejaribu siki, asali, wanja, hata dawa ya kikohozi. Siku moja nilirudi chumbani kwangu nikamkuta ameiinamia burito yangu, anachunguza mafuta yaliyochuruzika kwenye karatasi.

“Rangi ya machungwa hii umeitoa wapi?”

“Ni chakula changu, Verna.”

“Najua. Nipe matone mawili tu.”

Alipewa. Na jioni ile yalipendeza, siwezi kusema uongo.

Pamoja na majaribio yote hayo, alikuwa na mwiko mmoja: vioo vyake visiguswe na sabuni. Vilipanguswa kwa spiriti na gazeti kuukuu, basi. Sabuni huyapatanisha mafuta na maji, na yakishapatana, rangi zote zinakuwa tope. Aliikimbia sabuni kama wengine wanavyokimbia kodi.

Mwaka huu daktari wa macho alimpiga marufuku kuitazama taa. Hilo alilipokea vizuri kuliko sisi. Lililomnyima usingizi ni jingine. Ukumbi umepata mmiliki mpya, Bwana Garabedian, naye alikuwa akifikiria kuitupa meza na kuleta mashine za kompyuta. Hakumficha.

“Jumamosi yako ya mwisho mezani nitakuja,” alimwambia mbele yetu sote. “Sitatazama pazia, nitatazama watu. Wakiinua macho, meza itabaki. Wasipoinua, bibie, utanisamehe.”

Tulipomuuliza Verna anataka zawadi gani ya kuagwa, alisema hataki zawadi wala keki. Alitaka meza ibaki.

Hapa ndipo anapoingia Ozzie Fontenot, msimamizi wetu wa jukwaa, mtu mwenye mwili wa jokofu na moyo wa siagi. Jumamosi iliyopita mchana, kwa mapenzi yake mwenyewe, Ozzie alivichukua vioo vyote vya Verna akaviosha kwa sabuni ya vyombo. Akavipanga juu ya taulo vikimeremeta. Verna alipofika alidhani ni kazi ya spiriti, akambusu shavuni, na Ozzie akatembea kifua mbele mpaka jioni.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Madoa yalishika kidogo, kisha yakaachia. Nyekundu ikaingia kwenye buluu, buluu ikaingia kwenye manjano, na pazia zima likageuka rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Watu walitazama mara moja wakarudi kwenye bia zao. Bwana Garabedian alikuwa amesimama mlangoni pangu na kikombe cha kahawa.

“Ndiyo hii?” aliniuliza.

“Inapasha misuli,” nilimjibu, nikaacha makoti ya watu nikakimbia nyuma ya jukwaa.

Nilimkuta Verna ananusa kidole chake.

“Limau,” alisema. “Nani amenioshea vioo?”

“Mimi,” alisema Ozzie. “Nilitaka ving'ae.”

“Vimeng'aa.”

“Verna, nimekuua?”

“Bado. Ulivisuuza?”

“Kidogo.”

“Kidogo!” Verna alirudia. Ozzie alikuwa karibu kulia, na mimi nilikuwa nasubiri amrushie kioo. Lakini uso wa Verna ulibadilika, ukawa ule ule aliokuwa nao juu ya burito yangu. “Hebu niletee hiyo chupa.”

Miaka yote hiyo aliikimbia sabuni iliyoenea kioo kizima. Hakuwahi kujiuliza ingefanya nini ikiwa tone dogo tu, mahali pamoja. Alimtuma Ozzie kwenye sinki la wafagiaji akasuuze kioo kimoja kwa maji ya moto mpaka kilie. Akatia humo maji matupu, kina cha kucha, akatandaza wino mweusi juu yake mpaka mwanga ukazibika. Pazia likawa giza. Ukumbini watu wakaanza kunong'ona kwamba mashine imekufa. Verna akachovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni, akasubiri ngoma ipige, akagusa katikati.

Jamani! Wino ulikimbilia kando zote kwa mpigo mmoja, na kule mbele duara la mwanga mweupe likafunguka gizani kutoka kitu kidogo kama kifungo mpaka likajaza pazia. Kelele za watu zilitufikia nyuma kule na kutuziba masikio.

“Kingine!” alisema Verna.

Maana kila kioo kilikubali mara moja tu. Ukishagusa, maji yale hayana kazi tena, mpaka usuuze upya. Basi tukajipanga wote, wa baa, wa tiketi, wa milangoni, Ozzie mbele kwenye maji ya moto akiungua mikono na kuomba msamaha, mimi nikibeba vioo. Verna aliongeza wino wa kijani, wa zambarau. Mpiga ngoma aligeuza shingo kutazama pazia akawa anamsubiri Verna, naye Verna anamsubiri yeye, na wimbo ukawa mrefu kuliko ulivyoandikwa.

Wimbo wa mwisho ulipokaribia, Verna alimpa Ozzie kijiti.

“Shika.”

“Mimi? Si ndimi niliyeharibu!”

“Ndiyo maana. Hutaogopa kuharibu tena. Sikiliza ngoma, usinitazame mimi.”

Akanishika mkono, tukatoka kwa mlango wa pembeni, tukashuka kwenye uwanja wa kuchezea muziki, katikati ya watu. Hakuna aliyekuwa anacheza. Wote walikuwa wameinua nyuso, na Bwana Garabedian kati yao, kahawa yake imepoa mkononi, amesahau kabisa kutazama watu. Ozzie alichelewa pigo la kwanza. La pili akalipata, na lile duara likafunguka juu yetu sote.

Verna alinibana mkono.

“Carmela,” alisema, “mbona ni kubwa hivi?”

“Hujawahi kuiona kutoka huku? Miaka yote?”

“Nilikuwa kazini.”

Sikuwa na swali jingine. Nililia tu, na sioni haya kuliandika.

Meza inabaki, Bwana Garabedian alitutangazia Jumatatu asubuhi. Ozzie anaikalia kuanzia Novemba, na tayari ameharibu mashati mawili. Asante, Verna, kwa kila rangi uliyoturushia bila wewe mwenyewe kuiona sawasawa. Wenzako wote tunakuombea afya, macho yaliyopumzika na Jumamosi nyingi. Tiketi yako ni ya bure daima, na kuanzia sasa unakaa mbele.